Mtendaji Hapigiwi Kura: Ofisi za Utendaji na Chaguzi Zake, kutoka Bombo hadi Moshi

Katika vijiji vya Tanzania Bara neno "mtendaji" halihitaji kufafanuliwa, kwa kuwa kila mkazi anamjua: ni afisa anayekaa katika ofisi ya kijiji au ya kata, anayetunza vitabu vya mapato na matumizi, anayeandika barua za wito, na anayesimamia utekelezaji wa maagizo yanayoshuka kutoka wilayani, naye ameajiriwa, wala hakuna aliyempigia kura. Pembeni yake yupo mwenyekiti wa kijiji, aliyechaguliwa na jirani zake, anayeamkiwa njiani na kugongewa mlango usiku kunapotokea ugomvi wa mpaka wa shamba, lakini asiye na mshahara wa serikali. Majina haya mawili, mtendaji na mwenyekiti, yanabeba ndani yake muundo mzima wa serikali kuanzia kitongoji hadi mkoa, na anayetaka kujua ni ofisi zipi za utendaji ambazo Mtanzania huzijaza kwa kura yake anaweza kuanza na majina hayo.

Bombo ni kata ya Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, katika eneo linaloitwa Gonja tangu enzi za wazee, upande wa mashariki wa milima ya Pare ya Kusini, pale safu inapoanza kushuka kuelekea tambarare ya Maore na Ndungu na, ng'ambo ya tambarare hiyo, Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Ni nchi ya miteremko, ya mifereji ya maji, ya migomba na tangawizi, ambako umbali haupimwi kwa kilomita peke yake bali pia kwa hali ya barabara baada ya mvua. Makao makuu ya wilaya yako mjini Same, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, na makao makuu ya mkoa yako Moshi, safari nyingine ya kilomita zipatazo 100. Umbali huo una maana katika habari hii, kwa sababu kadiri mkazi wa Bombo anavyozidi kusogea kutoka kitongojini kwenda Moshi ndivyo ofisi zinavyozidi kuwa na nguvu ya kutenda, na ndivyo kura yake inavyozidi kukosa mahali pa kutua.

Ngazi ya kwanza ni kitongoji, yaani sehemu ya kijiji, chenye mwenyekiti wake wa kuchaguliwa. Ngazi ya pili ni kijiji, kinachoongozwa na Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, ambao ni mwenyekiti wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji vyote, na wajumbe wengine waliochaguliwa, wakiwamo wa kundi la wanawake. Katibu wa halmashauri hiyo ni Afisa Mtendaji wa Kijiji. Juu yake ni kata, ambayo humchagua diwani katika uchaguzi mkuu. Diwani huongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, na katibu wa kamati ni Afisa Mtendaji wa Kata. Madiwani wote wa wilaya, pamoja na madiwani wanawake wa viti maalumu na wabunge, hukutana katika Halmashauri ya Wilaya, nao humchagua mmoja wao awe mwenyekiti wa halmashauri. Katibu wa kikao hicho ni Mkurugenzi Mtendaji, ambaye huteuliwa na Rais. Msomaji atakuwa ameona jinsi mpangilio unavyojirudia katika kila ngazi: anayechaguliwa anaongoza kikao, na aliyeajiriwa au kuteuliwa anashika kalamu, fedha na watumishi.

Hiyo ndiyo serikali ya mitaa. Pembeni yake upo mstari wa pili, usiopitia sanduku la kura hata mara moja, nao ndio unaobeba mamlaka ya Serikali Kuu: Afisa Tarafa, Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa, pamoja na makatibu tawala, yaani watumishi wakuu wa ofisi za wilaya na mkoa. Ibara ya 61 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema kwamba wakuu wa mikoa wa Tanzania Bara, ambao leo ni 26, huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa Mkuu wa Mkoa, na Mkuu wa Wilaya vilevile, uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa mahabusu kwa muda usiozidi saa 48 pale anapoona amani iko hatarini. Mwenyekiti wa Halmashauri ya Wilaya ya Same, ambaye jina lake limepitia kura za wananchi katani na kura za madiwani wenzake wilayani, hana uwezo wa namna hiyo.

Katika nchi za shirikisho, yaani zile ambazo majimbo yana serikali zenye mamlaka yaliyolindwa na katiba, mambo hupangwa kinyume cha hayo. Marekani, kwa mfano, majimbo yote 50 humchagua gavana wake kwa kura ya moja kwa moja, kwa kipindi cha miaka minne isipokuwa New Hampshire na Vermont ambako kipindi ni miaka miwili, na majimbo mengi hayaishii hapo: hupigia kura pia luteni gavana, mwanasheria mkuu wa jimbo, katibu wa jimbo na mweka hazina, kila mmoja kwa nafasi yake, hata gavana akajikuta akifanya kazi na mwanasheria mkuu wa chama pinzani. Tanzania si shirikisho la aina hiyo. Hata neno "jimbo" lenyewe limebadilika maana: zamani za Waingereza lilikuwa eneo kubwa la utawala, na leo ni eneo la kumchagua mbunge. Sehemu ya Muungano iliyo na serikali yake ya kuchaguliwa, yenye Rais, Baraza la Wawakilishi na wizara, ni Zanzibar. Na huko nako, wakati ngazi ya juu inapigiwa kura, sheha, ambaye ndiye kiongozi wa shehia na yuko karibu zaidi na nyumba ya mwananchi, huteuliwa.

Mpangilio wa Bara una historia ndefu, na milima ya Pare imeshiriki historia hiyo kwa namna ambayo wasomaji wengi wa leo hawajafundishwa. Kabla ya ukoloni kila nchi ndogo ya Upare ilikuwa na mfumwa wake, yaani mtawala, aliyesaidiwa na wachili, ambao walikuwa viongozi wa maeneo madogo, pamoja na mabaraza ya wazee wa koo. Mfumwa hakupigiwa kura, lakini aliyewachosha watu wake aliwaona wakihamia ng'ambo ya bonde kwa mtawala mwingine. Wajerumani waliweka maakida na majumbe, watu wa kuteuliwa waliowajibika kwa boma. Waingereza, wakati wa gavana Donald Cameron, walitunga sheria ya mwaka 1926 ya mamlaka za wenyeji, iliyowarudisha wafumwa kazini huku ikiwafanya kuwa mikono ya serikali: walikusanya kodi na kusikiliza kesi, lakini aliyeweza kuwaondoa alikuwa mkuu wa wilaya, Mwingereza, aliyekaa Same. Kwa miaka hiyo Upare ulikuwa katika Jimbo la Tanga, hivyo bosi wa bosi wa mfumwa wa Gonja aliishi pwani, mbali na Moshi ya leo.

Hapo ndipo linapoingia tukio ambalo kila mtoto wa Upare anastahili kulijua. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliamua kuleta Upare kodi mpya iliyopanda kwa kadiri ya mali ya mtu, ikaiita "mbiru", jina la mchango wa kale ambao watu walimpelekea mtawala wao, kana kwamba kuazima jina la zamani kungeificha sura mpya. Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyezaliwa katika milima hiyohiyo na kuandika historia ya siasa za Wapare, ameeleza kwa kina jinsi watu wa Usangi na maeneo jirani walivyopinga, na kwamba pingamizi lao halikuwa la kukataa kulipa. Walikuwa wakilipa kodi ya kichwa miaka yote. Walichokataa ni mtu fulani, aliyewekwa na wengine, kuingia nyumbani na kukadiria mali yao pasipo wao kuwa na sauti katika kupanga njia ya makadirio. Mapema mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka milimani kwa miguu hadi Same, wakapiga kambi karibu na boma, wakakaa wakipokezana huku familia zikiwaletea chakula, na baadaye wanawake nao wakajitokeza kudai majibu. Mwaka 1947 mbiru ilikuwa imekwisha.

Umuhimu wa mbiru kwa makala haya hauko katika kodi. Uko katika swali ambalo waandamanaji walilitua mbele ya boma: je, mwenye ofisi ya kutenda anawajibika kwa nani? Jibu la serikali lilikuwa la nusu. Katika miaka iliyofuata mabaraza ya wilaya yalipanuliwa ili wawakilishi wa wananchi wakae pamoja na wafumwa, lakini kalamu ilibaki pale ilipokuwa. Jirani zao Wachagga walikwenda mbali zaidi. Thomas Marealle alitawazwa Mangi Mkuu, yaani mtawala mkuu wao, mwaka 1952 baada ya kuchaguliwa, na kufikia mwaka 1960 watu walikuwa wameamua kwa kura kwamba wanataka rais wa kuchaguliwa kwa muda maalumu badala ya mangi mkuu wa maisha, wakamchagua Solomon Eliufoo. Kwa kipindi kifupi, katika miteremko ya Kilimanjaro, ofisi ya juu ya utendaji ya eneo zima ilishikwa na mtu aliyeipata kwa kura na ambaye angeweza kuipoteza kwa kura. Haijatokea tena Tanzania Bara.

Haikutokea tena kwa sababu taifa jipya lilichagua njia nyingine. Uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, hatua iliyokuwa na haki yake, kwani machifu wengi walikuwa wameponzwa na kazi waliyopewa na mkoloni. Mahali pao pakachukuliwa na halmashauri za wilaya zenye madiwani na, sambamba nazo, wakuu wa mikoa na wa maeneo ambao walikuwa watu wa serikali na wa chama cha TANU kwa wakati mmoja. Mwaka 1972, chini ya sera iliyoitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za kuchaguliwa zilivunjwa kabisa, na wataalamu wa Serikali Kuu wakapelekwa mikoani na wilayani kufanya kazi zilizokuwa za halmashauri. Jina la sera lilizungumzia madaraka kwenda mikoani, na kweli yalikwenda, ila yalikwenda mikononi mwa maafisa. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi mwaka 1984, na katika mwaka huohuo Mwalimu Julius Nyerere alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika ni mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Ni wachache miongoni mwa viongozi wa zama zake waliosema neno kama hilo wakiwa bado madarakani, na anastahili heshima kwa hilo.

Kilichorudi mwaka 1984, hata hivyo, hakikuwa kile kilichoondoka. Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa walibaki na nguvu zao, na mkurugenzi wa halmashauri akabaki mteule wa juu. Mwaka 2003 serikali ilifuta kodi ya maendeleo, ile ya kichwa iliyokuwa ikilipwa kijijini, na wananchi walishukuru kwa kuwa ilikuwa ikiwakimbiza vijana porini kila msimu wa ukusanyaji. Lakini pamoja na nafuu hiyo halmashauri za vijijini zilipoteza pato lao kubwa, zikazidi kutegemea ruzuku, yaani fedha zitokazo Hazina zikiwa na maelekezo ya matumizi. Kisha kazi zenyewe zikaanza kuhama. Mwaka 2017 barabara za vijijini na mijini zilikabidhiwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, unaojulikana kwa kifupi kama TARURA, na mwaka 2019 maji ya vijijini yakawekwa chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA.

Kwa mtu wa Bombo mabadiliko haya yana sura inayoonekana. Barabara inayopanda kutoka tambarare inapomeguka wakati wa masika, anayesimamishwa sokoni na kuulizwa ni diwani, kwa kuwa ndiye aliyekuja kuomba kura. Diwani hana greda. Halmashauri aliyomo haina tena idara ya barabara hizo. Anaweza kuandika barua kwa meneja wa wakala wilayani, anaweza kuhoji kikaoni, anaweza kumwomba mbunge aseme bungeni, na mara nyingi hufanya yote matatu. Lakini uamuzi wa barabara ipi itengenezwe mwaka huu na ipi isubiri unafanywa na watumishi ambao hakuna mpiga kura wa Gonja anayeweza kuwaondoa. Inawezekana kabisa kwamba wahandisi hao wanajua kazi yao kuliko kamati ya madiwani, na ipo hoja nzuri ya kitaalamu ya kuunganisha fedha za barabara mahali pamoja. Hoja hiyo haijibu lile swali la Same la mwaka 1945.

Tofauti kati ya njia mbili za kupata madaraka inaonekana wazi katika maisha ya kisiasa ya mtu mmoja anayejulikana sana katika eneo hili. Anne Kilango Malecela alikuwa mbunge wa Same Mashariki, jimbo ambalo Bombo imo, tangu mwaka 2005. Katika uchaguzi wa mwaka 2015 wapiga kura walimchagua Naghenjwa Kaboyoka wa CHADEMA badala yake, baada ya kampeni ambazo kila upande ulipita vijijini ukieleza hoja zake. Machi 2016 Rais John Magufuli alimteua Kilango kuwa Mkuu wa Mkoa wa Shinyanga. Mwezi uliofuata akautengua uteuzi huo, kwa sababu taarifa ya mkoa kwamba hakukuwa na watumishi hewa, yaani majina yanayolipwa mshahara bila mtu kazini, ilipingana na matokeo ya uhakiki. Januari 2017 Rais alimteua tena, safari hii kuwa mbunge wa kuteuliwa, na mwaka 2020 akarudi bungeni kwa kura za jimbo lake. Ndani ya miaka mitano mtu huyohuyo alitolewa na wananchi, akapewa mkoa, akanyang'anywa mkoa, akapewa kiti, kisha akakipata tena kiti cha jimbo kwa kura. Wananchi wa Same Mashariki walimhukumu mara mbili na kila mara walikuwa na sababu zao. Wananchi wa Shinyanga hawakuulizwa alipokuja wala alipoondoka.

Ng'ambo ya mpaka liko jaribio jingine, na si mbali: Hifadhi ya Mkomazi inapakana na Tsavo ya Kenya, na Ziwa Jipe linaitenganisha Wilaya ya Mwanga, iliyomegwa kutoka Pare mwaka 1979, na Kaunti ya Taita Taveta. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47, kila moja ikiwa na gavana anayechaguliwa moja kwa moja pamoja na naibu wake, kwa vipindi visivyozidi viwili vya miaka mitano, na ikaagiza kwamba kaunti zipate kwa pamoja si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Gavana huteua kamati tendaji ya kaunti, ambayo wajumbe wake Wakenya wamezoea kuwaita mawaziri wa kaunti, lakini ni lazima bunge la kaunti liwaidhinishe. Taita Taveta imekwisha kuwa na magavana watatu: John Mruttu aliyeanza mwaka 2013, Granton Samboja aliyemshinda mwaka 2017, na Andrew Mwadime aliyemshinda Samboja mwaka 2022 akiwa mgombea binafsi, yaani asiyedhaminiwa na chama chochote. Mara mbili mfululizo wapiga kura wa kaunti hiyo walimwondoa gavana aliyekuwa madarakani na kumweka mwingine, na kila aliyeshindwa alikabidhi ofisi.

Mfumo huo haukosi maumivu. Mwaka 2019 gavana Samboja na bunge la kaunti yake waligombana juu ya bajeti hadi yeye akaanza harakati za kutaka kaunti ivunjwe, nao wawakilishi wakapiga kura ya kumwondoa. Seneti ilipochunguza mashtaka ikaona hayakuthibitishwa, naye akabaki. Kwingineko Kenya magavana kadhaa wameondolewa kweli, kuanzia Martin Wambora wa Embu mwaka 2014 ambaye baadaye mahakama zilimrudisha, na baada yake Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi mwaka 2020. Kaunti nyingi zina madeni ya wazabuni yasiyolipwa na mishahara inayomeza bajeti. Isitoshe, Serikali Kuu ya Kenya haikuondoka mashinani, kwani kamishna wa kaunti na chifu wa lokesheni wangali wateule. Uganda nayo ina mchanganyiko wa aina hiyo: mwenyekiti wa wilaya huchaguliwa na wananchi, na pembeni yake Rais huweka mwakilishi wake mkazi. Hata hivyo, mkazi wa Taveta anayekerwa na zahanati isiyo na dawa anajua jina la mtu wa kumnyima kura Agosti ya uchaguzi, na ujuzi huo una thamani yake.

Tanzania imewahi kulijadili jambo hili. CHADEMA kwa miaka mingi imekuwa na sera ya majimbo, inayotaka maeneo makubwa yenye serikali na viongozi wa kuchaguliwa, na CCM imeipinga kwa hoja kwamba itaamsha ukabila na kuvunja umoja uliojengwa kwa taabu. Hofu hiyo haipaswi kudharauliwa na mtu anayekumbuka ghasia za Kenya za baada ya uchaguzi wa mwishoni mwa mwaka 2007. Lakini umoja wa Tanzania ulijengwa na lugha moja, shule za pamoja na siasa iliyokataa ubaguzi, na ni vigumu kuona jinsi ambavyo ungetikiswa na wakazi wa Same kumchagua mwenyekiti wa wilaya yao kwa kura ya moja kwa moja na kumpa mamlaka juu ya watumishi wa halmashauri.

Kwa sasa, uchaguzi unaoigusa ofisi ya karibu zaidi ni ule wa serikali za mitaa, ambao hufanyika mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu na huhusisha zaidi ya vijiji 12,000 na vitongoji zaidi ya 64,000. Mpiga kura anatakiwa awe na miaka 18 na mgombea 21. Uchaguzi huu wa mfumo wa vyama vingi ulianza mwaka 1994, na tofauti na ule wa Rais, wabunge na madiwani, hausimamiwi na tume ya uchaguzi bali na Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, maarufu kwa jina la TAMISEMI, ambayo huandikisha wapiga kura wake katika orodha ya pekee. Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya mwaka 2024 iliitaja kazi hiyo miongoni mwa majukumu ya tume, kwa utaratibu ambao ungewekwa na sheria nyingine, lakini uchaguzi wa 27 Novemba 2024 ulisimamiwa na TAMISEMI kama zamani. Katika uchaguzi wa mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa vikilalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao kwa wingi, na wenyeviti wengi walipita bila kupingwa. Mwaka 2024 upinzani ulishiriki, malalamiko ya kuenguliwa yakarudi, na CCM ikapata zaidi ya asilimia 98 ya vijiji.

Matokeo ya namna hiyo yanastahili kusemwa kwa uwazi bila kumtukana yeyote. Same Mashariki ya mwaka 2015 ni ushahidi kwamba watu wa milima hii hawana mawazo yanayofanana kwa asilimia 98. Pale ambapo fomu ya mgombea inaweza kukataliwa kwa kosa la herufi, pale ambapo msimamizi wa uchaguzi ni mtumishi anayetegemea uteuzi, na pale ambapo mzee anayeaminiwa na kijiji kizima hawezi kugombea kwa sababu tu hana kadi ya chama, sanduku la kura linapoteza kazi yake ya kupima. Suala la wasimamizi lilifika mahakamani: Mei 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba wakurugenzi wa halmashauri hawafai kusimamia uchaguzi, na Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaugeuza uamuzi huo. Suala la mgombea binafsi, lililopiganiwa na Mchungaji Christopher Mtikila tangu miaka ya 1990, liliamuliwa kwa upande wake na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mjini Arusha mwaka 2013. Sheria haijabadilika, na mgombea binafsi wa Taita Taveta, akivuka mpaka, asingeruhusiwa kugombea hata kitongoji.

Pamoja na yote hayo, ipo ofisi moja ambayo sheria imekipa kijiji na ambayo haihitaji uteuzi wala udhamini wa chama. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inasema kwamba Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote waliofikisha miaka 18, ndio mamlaka ya juu kijijini katika mambo yote ya sera. Mbele ya mkutano huo taarifa ya mapato na matumizi inapaswa kusomwa, sheria ndogo zinapaswa kujadiliwa kabla ya kwenda wilayani, na kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano huo. Mtendaji, ambaye hakupigiwa kura, analazimika kusimama pale na kujibu. Hakuna ngazi nyingine, hadi kufika Moshi, ambapo raia wa kawaida anaweza kumuuliza mwenye kalamu ana kwa ana na jibu likaandikwa katika muhtasari.

Wapare wanajua kukutana. Wamechimba ndiva, yaani mabwawa ya kuhifadhia maji ya mifereji, na kupangiana zamu za kumwagilia kwa vizazi vingi, na msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kila kaya hutoa mtu wake, umejenga shule na kufungua barabara katika vijiji vingi vya milima hii bila kusubiri bajeti. Watu wanaoitikia mbiu ya msaragambo wakiwa na majembe begani wana kila sababu ya kuitikia tangazo la mkutano mkuu wakiwa na maswali. Mkutano huo unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Mkazi wa Bombo ambaye hajasikia tangazo lake kwa muda mrefu zaidi ya huo na aende ofisi ya kijiji aulize tarehe ya mkutano ujao, kisha aombe asomewe muhtasari wa uliopita.